Tundu la Mfuko

Fundi cherehani alikuwa amejiwekea nadhiri: mwezi mzima, kila siku atende wema mmoja bila kuombwa. Siku ya ishirini na nane, mlinzi wa duka la jirani alileta koti, akitaka mikono ifupishwe. Fundi akaona mfuko una tundu, akaliziba bure, na usiku akalala usingizi mnono.

Asubuhi mlinzi akarudi mbio. "Mama, nani kanizibia tundu?"

"Mimi, baba. Mfuko ulitoboka."

"Niliutoboa mwenyewe! Waya wa redio wa kwenda sikioni unapita hapo. Leo kuna mpira, nitasikiliza kwa pua?"

Fundi akalichukua koti. Wema wa siku zote hizo, halafu wa jana ugeuke hasara! Akafumua mshono upesi, kisha akalizungushia tundu uzi mnene, kama la kifungo, lisichanike tena. Mlinzi akapitisha waya, akacheka hadi kofia ikaanguka.

"Sasa tundu langu lina cheo kunishinda!"

Fundi naye akacheka. Mteja aliyefuata alipoleta gauni lenye mpasuko, fundi alimuuliza kwanza: "Huu, mwanangu, niuzibe au una kazi yake?"