Mama Subiri na Kifo cha Kinyonga

Saa nne asubuhi ukumbi umeshapata joto. Ni chumba kirefu juu ya duka la samani, na harufu ya vanishi inapanda ngazi na kukaa humo humo kama mgeni asiyeaga. Meza zimepangwa safu mbili. Feni zinazunguka kwa kujilazimisha. Watu wameinamia kadi zao kimya, na sauti pekee ni ya plastiki ikigusa plastiki.

Mkono unainuka karibu na dirisha. "Mwamuzi!"

Mwanamke wa makamo, fulana nyeusi, miwani iliyofungwa uzi shingoni, anasogea bila haraka. Mezani kuna vijana wawili. Wote wamekasirika na wote wanaongea. Mmoja anadai kadi ya mwenzake imeshatumika. Mwenzake anadai imetumika, ndiyo, lakini haijaisha.

"Subiri nisome," anasema.

Anainua kadi hadi puani, anaisoma kwa midomo bila kutoa sauti, kama anayesali. Anaisoma tena. Vijana wananyamaza wenyewe, maana ni vigumu kubishana mbele ya mtu anayesoma.

"Uliigeuza kabla hajashambulia, au baada?"

"Kabla," anasema mmoja.

"Baada," anasema mwingine.

"Mmeanza," anasema mwamuzi, na anavuta kiti.

Kwa sababu ya neno lake hilo, "subiri", wachezaji wote wanamwita Mama Subiri. Kazi yake ya kila siku ni kuuza na kupanga kadi katika duka la michezo mtaa wa pili kutoka hapa. Siku za mashindano anakuwa mwamuzi, kazi ambayo posho yake haivuki nauli na chakula cha mchana.

Mchezo wenyewe si karata za kawaida. Kila mchezaji hukusanya kadi zake kwa miaka, akinunua hapa na kubadilishana pale, kisha huchagua zile anazoziamini na kuja kupambana. Kila kadi ni kiumbe au uchawi, na kila kadi ina maneno yake yanayosema inaweza nini. Kadi ni maelfu. Zikikutana mbili ambazo hakuna aliyewahi kufikiri zitakutana, hapo ndipo mkono unapoinuka.

"Mimi kucheza siwezi," anasema Mama Subiri, na hasemi kwa unyenyekevu. "Mtoto ananifunga. Nikishika kadi nafikiria kanuni, nasahau kushambulia."

Aliingia katika uamuzi kwa mlango wa nyuma. Wateja walikuwa wakigombana dukani kuhusu kadi fulani, na mmoja akamwomba yeye, muuzaji, asome kwa sauti, kwa kuwa hakuwa na upande. Akasoma. Wakaafikiana. Tangu siku hiyo, kila ugomvi ukizuka, kadi inaletwa kaunta.

Anayecheza kweli kweli katika familia ni wifi yake, mke wa mdogo wake. Wanaishi nyumba moja, wao na mama mzazi wa Mama Subiri. Wifi alifundishwa mchezo na marafiki wa kazini, hospitali, anakofanya kazi maabara, na haukupita muda akawa anawafunga wote. Jumamosi wawili hawa walikuwa wakitoka pamoja, mmoja na sanduku la kadi, mwingine na kitabu cha kanuni kwapani.

"Watu walikuwa wakisema hatuna haya, wanawake wazima tunakwenda kucheza," anasema wifi. "Tukawaambia ninyi si mnakwenda kutazama mpira?"

Mambo yaliharibika miezi michache iliyopita, kwenye nusu fainali ya mashindano makubwa. Mshindi angesafiri kwenda kucheza na wenzake wa nchi nyingine. Wifi alikuwa akicheza na fundi wa simu, mtu mpole anayefikiri taratibu. Ukumbi wote ulikuwa umesimama kuizunguka meza yao.

Fundi alikuwa na kadi iitwayo Mlinda Lango. Maneno yake ni machache: *Akifa, mpinzani wako anakosa zamu inayofuata.* Wifi akatoa Kinyonga, kadi inayoweza kujigeuza kiumbe kingine. Maneno yake: *Anageuka kiumbe utakachochagua, kwa sura na kwa maneno, maadamu yuko mezani.* Akamgeuza awe Mlinda Lango wa pili, wa kwake.

Fundi akashambulia, akamuua. Hapo wifi akatabasamu.

"Umemuua Mlinda Lango wangu," akasema. "Umekosa zamu."

"Sijamuua Mlinda Lango," fundi akajibu. "Huyo hapo kaburini ni Kinyonga. Tazama."

Kaburi ni rundo la kadi zilizokufa. Na kweli, iliyolala pale juu ilikuwa picha ya kinyonga.

Fundi akikosa zamu, wifi anashinda. Asipokosa, fundi anashinda. Mkono ukainuka.

Waamuzi siku hiyo walipaswa kuwa wawili, lakini mwenzake alikuwa kitandani na homa. Mama Subiri alimwita mratibu wa mashindano kando, akamkumbusha kwamba yule ni wifi yake. Mratibu akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Basi nani? Mimi hata kanuni sijui."

Akarudi mezani. "Subirini nisome."

Wifi alitoa hoja ambayo hadi leo inasimuliwa ukumbini. "Mtu hafii kaburini," alisema. "Anafia pale alipo, ndipo anapelekwa kaburini. Kinyonga alifia mezani, akiwa Mlinda Lango."

Fundi naye hakubaki nyuma. "Lakini maneno ya kadi yanasubiri afe. Akishakufa hayuko mezani. Na kama hayuko mezani, si Mlinda Lango tena. Nani atasema hayo maneno?"

Mama Subiri anakumbuka kwamba alikubaliana na wifi, kisha akakubaliana na fundi, kisha akarudi kwa wifi. Anakumbuka macho ya watu mgongoni. Kuna aliyenong'ona, "Huyu si ndugu yake?" Mwishowe akaweka kidole juu ya neno *maadamu* na kusema fundi hakosi zamu. Fundi akacheza, akashinda.

Wifi alimpa fundi mkono, akakusanya kadi zake na kushuka ngazi peke yake.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Mama Subiri anasema afadhali ungekuwepo. Wifi aliendelea kupika, kucheka na mumewe, kumsaidia mama mkwe kuvaa soksi. Jambo moja tu lilibadilika: neno "wifi" lilitoweka.

"Asubuhi ananiita, 'Mwamuzi, chai tayari,'" anasimulia. "'Mwamuzi, umeona ufunguo?' Nilikuwa nataka ardhi ipasuke."

Mdogo wake alijiweka mbali. "Mmoja dada yangu, mmoja mke wangu," anasema. "Nilichofanya ni kutengeneza bomba la jikoni, ambalo wala halikuwa limeharibika."

Mama Subiri akawaandikia watengenezaji wa mchezo, akaeleza tukio zima. Jibu likaja kutoka kwa mtu wa ofisi yao: mchezaji wa Kinyonga alikuwa na haki. Alilisoma akiwa dukani, amesimama, mteja anasubiri chenji. Jioni akamfuata wifi kwenye karo la vyombo na kumwambia.

Wifi hakugeuka. "Sasa unaniambia ili iweje, Mwamuzi?"

Wiki iliyofuata likaja jibu jingine, kutoka kwa mtu mwingine wa ofisi ile ile, likiomba radhi na kusema jibu la kwanza lipuuzwe. Mwamuzi alikuwa sahihi. Kabla hajapata nguvu ya kulipeleka kwenye karo, likaja la tatu: kadi ya Kinyonga itachapishwa upya kwa maneno mapya, na wanashukuru kwa swali zuri. Kuhusu siku ile, nani alikuwa na haki, hawakusema lolote.

"Kila nikielewa, naelewa kinyume," anasema Mama Subiri. "Nikilala Kinyonga ni Kinyonga. Nikiamka ni Mlinda Lango."

Fundi wa simu, aliyesafiri na kurudi bila kombe, naye hana raha. Anazungumza huku akichokonoa simu iliyofunguliwa kifua. "Walinipigia makofi," anasema. "Nilishinda, lakini mpaka leo sijui kama nilishinda."

Hata hivyo, kilichomsumbua Mama Subiri zaidi hakikuwa kadi. Lilikuwa ni lile neno *maadamu*, na ile haraka ya kuliwekea kidole.

"Najiuliza," anasema, akiivua miwani. "Angekuwa mtu mwingine pale, si wifi, ningeacha kusoma hapo? Au ningeendelea? Niliamua vile kwa sababu ya kanuni, au kwa sababu watu walikuwa wananitazama kama nitampendelea, nikaogopa? Nimejiuliza hadi kichwa kikauma. Sijapata jibu."

Aliyevunja ukimya alikuwa bibi wa nyumba, mama yao. Alikuwa amechoka, anasema, kuishi na watu wanaosalimiana kama makarani. Jumapili moja baada ya chakula akawakalisha wote wawili, akadai aelezwe huyo mnyama alikufaje.

"Kwani alikuwa mgonjwa?" ndilo swali lake la kwanza.

Wifi akaeleza. Mama akatikisa kichwa. "Wifi yako ana haki," akamwambia binti yake. "Mtu hafii kaburini. Hilo halihitaji kitabu."

Mama Subiri naye akaeleza, akaleta kadi, akaonyesha *maadamu*. Mama akavuta kadi karibu, akaitazama sana. "Aa, kumbe. Basi wewe ndiye mwenye haki. Hayupo, atasemaje?"

Wifi akaeleza tena. Mama akahama tena. Kila aliyesema wa mwisho ndiye aliyeshinda, mpaka bibi wa watu akajishika kichwa. "Nipeni maji! Mnataka kuniua mimi sasa, mgombanie na mimi nilifia wapi!"

Wifi ndiye aliyecheka kwanza. Mama Subiri akafuata, na kicheko kikawashinda wote wawili, wakaegemeana kama zamani. Mama akanyanyuka kwenda kutafuta maji mwenyewe, akinung'unika.

Walipobaki wawili, wifi akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, siku ile uliogopa?"

Alikuwa amesema *wifi*. Mama Subiri anasema nusura ajibu lolote lile la kumpendeza.

"Sijui," akajibu. "Nimetafuta, sijui."

Wifi akapangusa makombo mezani kwa kiganja. "Ungesema hapana nisingekuamini," akasema. "Na ungesema ndiyo, nisingekusamehe. Sasa hiyo sijui, sijui niifanyeje."

Lakini jioni ile wifi alipanda kiti, akashusha sanduku la kadi kutoka juu ya kabati na kulifuta vumbi.

Leo ndiyo siku yake ya kwanza kurudi ukumbini. Waamuzi ni wawili, na sasa kuna utaratibu: mwenye ndugu mezani anakaa kando. Mama Subiri ndiye aliyeupigania. Kutwa nzima amezunguka safu ya upande wa pili, akijitahidi kutotazama upande wa wifi.

Alasiri, katikati ya mchezo na mama mmoja mwalimu wa chekechea, wifi anainua mkono. Mwamuzi wa pili anakuja mbio mbio.

"Si wewe, mwanangu, samahani," anasema wifi. "Namtaka yule."

Ukumbi unageuka. Mama Subiri anabaki ameshika mgongo wa kiti. "Haiwezekani," anasema. "Mimi ni ndugu."

Mwalimu wa chekechea anatazama huku na huku. "Mimi sina neno," anasema. "Hata mimi ningemtaka yeye. Anasoma."

Mratibu anakuna kichwa. Utaratibu haukusema kitu kuhusu pande zote mbili kukubaliana, na hakuna anayejua la kufanya. Mwishowe anapunga mkono, kama anayefukuza nzi: nenda.

Mama Subiri anakwenda. Wifi anadai uchawi wake unaweza kutumika katika zamu ya mpinzani. Mwamuzi anaichukua kadi, anaisogeza puani. Anaisoma mara ya kwanza, ya pili, na anapofika mwisho anaigeuza, anarudi mwanzo na kusoma mara ya tatu, mpaka mwalimu wa chekechea anapiga mwayo. Nyuma yake watu wanasimama. Safari hii haonekani kuwasikia.

"Hauwezi," anasema. "Ni zamu yako tu. Imeandikwa hapa, mstari wa pili."

Wifi anatazama mstari wa pili, kisha anamtazama yeye.

"Hiyo hata mimi nilikuwa naijua," anasema. "Nilikuwa najaribu bahati yangu."

Meza inaangua kicheko. Mama Subiri hacheki mara moja. Anamrudishia kadi, anasogea hatua kadhaa, anasimama chini ya feni akijipangusa uso kwa upindo wa fulana, na hapo ndipo mabega yanapoanza kutikisika.

Mwisho wa mwaka anatarajia kufanya mtihani wa uamuzi wa daraja la juu, ambao wengi hurudia. Wifi ndiye anayemsaili jikoni, huyu anakata vitunguu na yule anakunja nguo, na bibi wa nyumba amepiga marufuku maswali yoyote yenye kifo ndani yake.

Akiulizwa anatumaini nini, Mama Subiri anavua miwani na kuifuta.

"Nataka nikikosea, nikosee kwa sababu kanuni imenishinda," anasema. "Isiwe kwa sababu namjua mtu."

Anavaa miwani. Kule karibu na mlango mkono mwingine umeshainuka, na anaanza kuuendea, kisha anasimama na kugeuka.

"Na nikipatia pia," anasema, "iwe hivyo hivyo."