Geti Lililotangulia Nyumba

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa kazi hiyo sijaona wa kumfikia. Chuma mkononi mwake hulainika kama unga uliokandwa. Akili yake ya pesa ndiyo haijapata fundi.

Alinunua kiwanja akaanza na geti. Si msingi, si choo, geti. Mabawa mawili, maua ya chuma, vichwa vya simba vimeachama, rangi nyeusi na dhahabu. Ukuta haukuwepo, mbuzi wa jirani walipita ubavuni, lakini yeye alilitia kufuli. Akienda kuangalia kiwanja anafungua, anaingia, anafunga nyuma yake.

"Shemeji," nikamwambia, "wezi wakija si watazunguka?"

"Wazunguke. Ila wajue wameingia kwa nani."

Mimi na shule tuliachana darasa la sita bila ugomvi, lakini hesabu moja nawashinda wenye vyeti: mali ya kuonyesha huila mali iliyopo. Fundi mwashi alikuja kupatana kujenga kuta, akawatazama simba, akapandisha bei mara mbili. Mwenye lori la mchanga naye vilevile. Ndugu wakapanga foleni ya shida. Shule ikamfuta mpwa wangu kwenye orodha ya wasiojiweza, kisa mwalimu alipita njia ile. Mtaa mzima ukamwita Bosi, naye akaitika.

Kuta zikachukua miaka minane. Zilipofika juu, mwenye nyumba waliyopanga akasema mwanawe anaoa, anavitaka vyumba vyake mwisho wa mwezi. Bati hata moja hawana.

Dada yangu akanijia analia. Mimi si mtu wa kukosa njia. Siku ya pili nilikuwa nimeshampata mama mwenye mashine ya kusaga, analitamani geti tangu zamani, na bei yake inatosha mabati na misumari yake. Tukamkalisha shemeji chini, katikati ya mafurushi.

"Uza geti," dada akasema.

"Mke wangu, mtu hauzi uso wake."

"Uso wenyewe utanyeshewa."

"Shemeji," nikachomekea, "simba wawili kulinda godoro na masufuria?"

"Unasema hivyo kwa kuwa huna geti."

"Sina geti, nina paa. Nikilala naona bati. Wewe utahesabu nyota."

Dada hakucheka. "Tarehe thelathini mimi na watoto tunahamia mle. Paa liwepo, lisiwepo. Wewe ukitaka, lala getini."

Shemeji akaniuliza taratibu, "Huyo mama hatalibadilisha rangi?"

"Hatagusa," nikasema. Alishaniambia anataka kijani.

Shemeji alilikata geti mwenyewe, hakuruhusu mkono mwingine. Tarehe ishirini na nane paa lilikuwa juu, na mtaa ukaanza kunong'ona: masikini, Bosi kafilisika. Sasa angalia maajabu. Ndugu wenye shida wakapotea. Yule mwashi akaja kwa miguu yake, kaingiwa na huruma, akasema atapiga plasta kwa nusu ya bei.

"Umeona?" nikamwambia shemeji pembeni. "Funga mdomo wiki mbili tu, uwe fukara. Ufukara una faida."

Wiki mbili! Hakumaliza hata siku mbili. Watu walimpa pole kituo cha maji, ikamkera, akatangaza mbele ya ndoo zote kwamba lile geti lilikuwa dogo, ndiyo maana kaliondoa, na linalokuja lina tai.

Kesho yake mwashi akarudisha bei yake ya zamani, akaongeza kidogo kwa ajili ya tai.

 Dada yangu alichukua mwiko akaanza kupiga plasta mwenyewe, chumba cha watoto kwanza, na mumewe, fundi mkubwa mzima, anamkorogea saruji tangu asubuhi. Mimi nimeweka kiti mlangoni, nawasimamia. Upande wa kushoto umepinda.