Krismasi Yangu ya Kwanza Jikoni kwa Wakwe

Nilikuwa na miezi minne tu tangu niolewe Susuni, nikitokea Serengeti, mama mkwe aliponiambia kuwa chakula cha Krismasi nitakipika mimi peke yangu. Wageni walikuwa ishirini, wengine wakitokea Isebania, ng'ambo ya mpaka.

Nyama ya mbuzi iliiva mapema. Ugali wa muhogo na mtama ndio ulionitisha, kwa sababu nilizoea kusonga wa watu sita. Nilipomimina unga, ugali ukawa mzito kupita kiasi, na ndoo ya maji ilikuwa tupu. Pipa lilikuwa nje, lakini baba mkwe alikuwa ameweka kiti chake mlangoni kabisa pa jiko, akizungumza na wageni. Kwa mila yao, mke wa mwana hampiti baba mkwe karibu hivyo, wala hamwiti. Nikasimama mle ndani, moshi ukinitoa machozi, ugali ukianza kunukia kuungua.

Mwishowe niligonga sufuria kwa mwiko mara tatu. Mazungumzo yakakatika.

"Mama watoto," baba mkwe akamwita mkewe bila kugeuka, "mtoto amekwama huko ndani." Kisha akahamisha kiti.

Ugali ulitoka na mabonge, ila wageni waliumaliza. Jioni mama mkwe alinishika mkono akicheka.

"Sasa nitapumzika. Kuanzia leo sikukuu zote ni zako."

"Asante, mama," nilijibu, nikarudi kusugua masufuria. Mwaka Mpya ulikuwa umebakiza wiki moja.