Mkungu Alioukata Ildefons

Jumapili, tarehe 14 Julai 1968. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Ilipofika saa nne jua la kiangazi lilikuwa limeshauondoa.

Siku hiyo Ildefons Ndyamukama, fundi wa mashine za kukoboa kahawa mjini Bukoba, alifika kwao Izimbya. Baba yake, mzee Kamugisha, alikuwa ameita ukoo ili amtangaze mrithi wa kibanja, yaani shamba lao la migomba na kahawa. Kwa desturi mrithi ni mwana wa kwanza, na hukaa hapo hapo. Ildefons ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikulia humo katika nyumba ya nyasi, akaenda shule bila viatu. Sasa alikuwa na chumba mtaa wa Miembeni, mjini, na kazi aliyoipenda. Hakutaka kurudi. Ndani ya basi, njia nzima, alitafuta namna ya kumwambia baba yake bila kumvunjia heshima.

Mama yake alimpa panga akakate mkungu wa chakula cha mchana. Alirudi ameubeba begani, anatabasamu. Shangazi yake, Alistidia, aliutazama mara moja tu.

"Yoo! Fundi, leo unatulisha pombe?"

Alikuwa amekata embire, ndizi za kukamulia pombe, ambazo hazipikwi.

"Shangazi, si tuko kwenye ujamaa? Ndizi zote ni ndugu."

"Ni ndugu, lakini huyu haingii chunguni!"

Watu walicheka mpaka mama akajifuta machozi. Mzee hakucheka.

"Miaka saba mjini, umesahau kilichokukuza."

Ildefons alipiga goti. "Ego, Tata. Ndiyo, baba, nimesahau. Mdogo wangu Datius hajasahau. Anaijua migomba hii mmoja mmoja. Mpe yeye kibanja."

Mzee akamwita binti yake Klaudia alete kahawa za kutafuna. Hizo hupewa mgeni. Mwana wa nyumba hujichukulia. Mzee akamwekea Ildefons punje mbili kiganjani.

"Karibu, mgeni wetu wa Miembeni."

Neno hilo lilimchoma kidogo. Alizitafuna taratibu.

"Na mwenye nyumba je?" aliuliza shangazi.

"Mwenye nyumba akatukatie mkungu unaopikika," alisema mzee, akimkabidhi Datius panga. Hapo na yeye akacheka.

Asubuhi iliyofuata Ildefons alivua viatu, akasambaza samadi kwenye migomba pamoja na Datius hadi saa mbili, akanawa, akawahi basi la kurudi kazini.