Deodata na Kitabu cha Injini Kisichochapwa Tena

Saa moja asubuhi, Juni 1979, Kanazi wilayani Ngara. Deodata anazungusha hendeli mara tatu. Injini inakohoa, inashika. Wanawake waliopanga foleni na ndoo za mihogo mikavu wanaacha mazungumzo, maana kwa kelele ile hakuna anayemsikia mwenzake.

Kijiji cha ujamaa kilinunua mashine hii ya kusaga mwaka 1971. Fundi wake alikuwa Renatus, mume wa Deodata, mpaka Novemba mwaka jana alipoondoka na mgambo kwenda vitani. Wiki sita baadaye bushi ya injini, pete ya chuma ambamo mhimili huzunguka, iliisha na mashine ikanyamaza. Familia 210 zikarudi kwenye kinu.

Deodata, mwenye miaka 34, alikuwa amezoea tu kumshikia mumewe spana. Alimwandikia wakala aliyewauzia. Akajibiwa kwamba bushi hizo hazitengenezwi tena. Kijiji kinunue injini mpya. Kitabu cha injini, chenye vipimo vya kuchongea bushi, nacho hakichapwi tena, wala hakuna ruhusa ya kukinakili.

“Injini ilikuwa nzima,” anasema. “Ilikufa kwa chuma cha ukubwa wa kidole. Niliona kama walishatupangia siku ya kuitupa.”

Nakala moja ilikuwa kwa fundi Bulugu, katika gereji ya misheni huko Biharamulo. Malori yalikuwa yamechukuliwa na jeshi, hivyo alikwenda kwa baiskeli, siku mbili. Bulugu alimwonyesha onyo kwenye ukurasa wa kwanza: ni marufuku kunakili. Deodata ni mtu wa kanisani. Kuchukua cha mtu kulimtisha. Mwishowe akaomba daftari.

Kwa siku nne alinakili kurasa 58, kila picha na kila kipimo. Bulugu akamchongea bushi ya shaba.

Aliporudi, kabla hata ya kuifunga, aliwaandikia wenye kiwanda kilichotengeneza injini kuwaeleza alichofanya.

“Kitabu ni chao, sikatai, na wakidai haki yao tutawapa. Lakini mwenye kitu akiacha kukitoa, halafu akawakataza na wengine, sisi tusage kwa meno?”

Jirani yake, Speciose, anasema wanaume waliomcheka sasa wanamwita fundi.

Miezi minne imepita, kiwanda hakijajibu. Deodata anaandika nakala ya pili kwa ajili ya kijiji cha Mugoma, ambako injini kama hii imelala tangu mwaka juzi. Renatus naye ametuma barua kutoka Uganda: yu hai, atarudi.

“Aje tu,” anasema Deodata, akifuta mikono. “Mugoma tutakwenda wote. Nitamfundisha.”