Binti Yangu na Maji ya Lambo

Kijijini kwetu, mvulana akianza kukojoa damu tulimcheka kwa furaha. "Huyu naye amekua," tulisema, na mwenyewe alijiona mwanaume. Nilicheka pamoja na wenzangu, mimi niliyefika kidato cha nne na kufundishwa kwamba damu ile ni kichocho, kwamba vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Niliyajua hayo kama nilivyoijua mito ya Ulaya. Yalikuwa mambo ya mtihani.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Bariadi kununua pamba, na chama cha ushirika nilikokuwa karani kikabaki na maghala matupu. Pale mtaa wa Somanda maduka yalifunguliwa kila kona, yakiwemo ya dawa, na mtu alinunua alichotaka bila cheti cha daktari. Ukimwi nao ulikuwa umeshaanza kuzika watu tuliowafahamu. Kila baba aliyekuwa na binti alimtazama kwa hofu.

Wangu alikuwa darasa la saba. Alichota maji lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, akiingia hadi magotini apite tope la ng'ombe, na alifua hukohuko. Wakati wa mpunga alishinda ndani ya maji ya majaruba. Kote huko mimi ndiye niliyemtuma.

Siku moja mke wangu alinifuata zizini. "Baba watoto, huyu mtoto anaumia akienda haja ndogo. Nguo yake ina damu, wala si siku zake."

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Aliogopa kusema."

"Anaogopa nini kama hajafanya kitu?"

"Muulize basi. Mwite umuulize."

Sikumuuliza. Nilikuwa na jibu langu tayari. Juma moja kabla nilimwona akicheka na mpima mizani wa mnunuzi mmoja wa pamba, mwanaume aliyevaa miwani myeusi hata kukiwa na mawingu. Kwangu kicheko kile kilitosha kuwa kisonono. Damu ileile niliyoifurahia kwa wavulana, kwa binti yangu niliiita uhuni.

Hospitali haikuwa mbali, lakini wauguzi walinifahamu. Nikaenda duka la dawa.

"Nataka dawa ya kisonono," nilisema kwa sauti ya chini.

Muuzaji aliangua kicheko. "Karibu chamani, bwana mkubwa! Umekiokota mnadani?"

"Si changu."

"Wote mnaniambia hivyo." Akanifungia vidonge kwenye kipande cha gazeti. "Pombe weka kando mpaka viishe. Na huyo mwenzako naye ameze, msije mkarudishiana."

Nilicheka naye. Niliona afadhali nidhaniwe mzinzi kuliko kujulikana kuwa baba wa binti aliyeharibika.

Nyumbani nilimsimamia. "Meza."

"Ni dawa ya nini, baba?"

"Unajua mwenyewe."

Alimeza. Damu haikukoma, na mimi nikaona huo ndio ushahidi kwamba bado anaendelea na mambo yake. Nilimtoa shuleni kabla ya mtihani. Mfugaji mmoja tajiri wa upande wa Mwandoya alipoleta posa, sikumchelewesha. Mke wangu alilia siku mbili, nami nikamwambia namwokoa mtoto.

Miaka ilipita bila mimba. Ukweni walianza kumwita mti mkavu. Hatimaye alikwenda hospitali mwenyewe, peke yake, kisha akaja kwetu. Alipiga magoti akanisalimu, "Mwangaluka, baba," akaketi chini karibu na mama yake.

"Wamepima mkojo," alisema. "Wameniuliza nilikuwa nachota maji wapi nikiwa mdogo. Ni kichocho, baba. Dawa yake ni ya siku moja tu, nimeshaimeza. Ila wanasema kimekaa mno, kimeniumiza ndani. Huenda nisizae."

"Sikujua, mayu," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

Nilisema uongo. Nilijua tangu nikiwa shuleni. Ningeweza kumchorea ugonjwa ule kwa kijiti pale mavumbini.

Kisha nilimwomba radhi. Alitazama mikono yake. "Ningekujibu, baba," alisema. "Siku ile ungeniuliza tu, ningekujibu."

Mama yake alimwekea chakula, akala kidogo. Nikamwambia alale, aondoke kesho. Alisema gari la Mwandoya halingoji mtu. Aliniaga kwa heshima zote, kama anavyoagwa mzee wa nyumba ya watu, na mama yake akamsindikiza hadi barabarani. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu hakuna aliyenialika kwenda nao.