Mueni apima vioo vya bunduki bila bunduki

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya sita ya karakana moja pembezoni mwa Guangzhou, Mueni Kioko anainua nyundo ya mpira. Mbele yake kuna kipande cha mbao kilichobanwa kwenye jiliwa, na juu ya mbao kimefungwa kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu katikati.

Anachungulia alama iliyo nje ya dirisha, anagonga, anachungulia tena. Nukta imehama.

"Bu xing," anamwambia mwenye karakana, Bwana Liang. Haifai.

Hiki ni cha tatu mfululizo, na Liang, aliyeamka na tabasamu, sasa amekunja uso.

Vioo hivyo vinasubiriwa na klabu moja ya Nairobi. Wanachama wake, wote wenye leseni, hushindana kulenga shabaha huku wakikimbia na kuinama, saa ikiwahesabia. Nukta ikihama baada ya risasi ya kwanza, mpigaji kwisha habari yake.

Kwa kuwa raia hapa China haruhusiwi kumiliki bunduki, Mueni amejibunia vipimo vyake: nyundo badala ya teke la bunduki, ndoo ya maji badala ya mvua, na friji la jirani muuza samaki badala ya baridi ya Limuru.

"Vikitoka huko vinanuka, lakini vinaona," anacheka.

Alikuja mjini hapa mwaka 2003 kununua nguo katika maduka ya jumla ya Zhanqian. "Nilikuwa napima mshono kwa kuuvuta. Mshono wa uongo huachia. Nikaona hata kioo kina mishono yake."

Simu inalia. Ni Wekesa, wakala wa mizigo bandarini Huangpu.

"Mueni, kontena inafungwa kesho. Usiponiletea, watu wako watalenga kwa macho matupu!"

"Siwezi kutuma takataka, Wekesa."

Anakata simu. Akikataa mzigo, klabu itakosa vioo vya mashindano. Akiupeleka mbovu, jina lake limeharibika.

Anachungulia tena, safari hii bila kugonga. Nukta imehama!

"Ngai!"

Anainua kichwa dirishani. Alama aliyokuwa akiilenga ni fundo la mianzi ya wajenzi kwenye jengo la mbele, na huko juu mafundi wanaifungua mianzi yenyewe, inashuka taratibu. Guangzhou ya mwaka huu wa 2007 haitulii mahali pamoja. Mueni analijua hilo fika, na bado limemnasa.

Anacheka mpaka machozi, kisha aibu inamshika. Anamimina chai na kumpa Liang kikombe kwa mikono miwili.

"Duibuqi, Laoban. Unisamehe, bosi. Kosa ni langu, si la vioo."

Liang hakigusi kikombe. Anachukua brashi na rangi, anashuka, na baada ya kitambo anaonekana ng'ambo ya ua akichora msalaba mwekundu kwenye tangi la maji la zege. Anaporudi, anagonga meza kwa vidole viwili, shukrani ya watu wa hapa kwa anayewamiminia chai, kisha anakunywa.

Wanapima upya. Vioo viwili vinatulia. Cha tatu, nukta inahama kweli.

Kumkatalia mtu uliyetoka kumwomba radhi ni kazi ngumu.

"Bu xing, Laoban."

Liang anakifungua mwenyewe. Skrubu moja inazunguka kwa ukucha tu. Anamtazama Mueni, anatikisa kichwa, kisha anaamuru mafundi wakaze skrubu za mzigo wote. Jioni gari la Wekesa linaondoka na mzigo.

Mueni mwenyewe hajawahi kufyatua risasi hata moja. Klabu imemwahidi somo la kwanza akienda nyumbani Desemba, na ana hamu nalo kama mtoto.

"Nitafyatua, halafu nichungulie," anasema. "Nukta ikiwa palepale, nampigia Laoban simu. Nataka nimsikie akigonga meza."